Mgonjwa Ndiye wa Kuulizwa

Somo: Luka 10:25-37.

Msamaria alifunga vidonda vya majeruhi, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akalipa dinari mbili. Hakuishia hapo: aliahidi kurudi. Mwenye kurudi ndiye anayeona kama mgonjwa alitunzwa kweli.

Nasi tukitembelea nyumba ndogo ya kijijini inayotunza wagonjwa wasiotarajiwa kupona, tusihesabu mabati na vitanda tu. Tumuulize mgonjwa mwenyewe. Kwanza, maumivu: aonyeshe kwa mkono mmoja. Ngumi ni hakuna maumivu. Vidole vitano ni maumivu yapitayo yote. Pili, mgongo na visigino: asiyegeuzwa kitandani hutoka vidonda. Tatu, akiita usiku, nani anaitika? Nne, ndugu anayemlinda amekula?

Wengine husema kuomba dawa ya maumivu ni kukosa imani. Hapana! Msamaria alimwaga mafuta na divai juu ya vidonda. Kwa jirani zetu, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993, huwapa wagonjwa morfini ya maji ya kunywa, kwa kipimo cha muganga. Maombi na dawa havigombani.

Juma hili, wamama na mashemasi, mkienda kuombea wagonjwa, msiondoke bila kuuliza: “Unaumwa kiasi gani?” Vidole vikiwa vitano, mjulisheni muganga siku ileile. Na kesho mrudi.

Bwana awabariki. Amina.