Umeme wa Ubongo na Wajibu Wetu kwa Wagonjwa

(Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa waumini mjini Morogoro.)



Nimetakiwa niseme machache juu ya tiba mpya ya maradhi ya ubongo na akili, yaani kuuchochea ubongo kwa umeme unaojirekebisha wenyewe kwa kadiri ya hali ya mgonjwa. Huenda baadhi yenu mkauliza: sisi tukaao chini ya milima ya Uluguru, ambao hata dawa za kawaida wakati mwingine hatuzipati, tuna haja gani na mambo hayo? Naomba mnivumilie, kwani habari hii mwishowe itatufikisha kwenye milango ya nyumba zetu wenyewe.

Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa umeme mdogo sana. Mwaka 1924 daktari Mjerumani, Hans Berger, alifaulu kuunakili umeme huo kutoka kichwani mwa mtu aliye hai, na mwaka 1929 akayatangaza matokeo yake. Kwa njia hiyo wataalamu waliweza kuona kwamba mtu aangukapo kwa kifafa, ubongoni mwake mna dhoruba ya umeme. Na kabla ya vyombo hivyo kuwepo, karibu miaka elfu moja iliyopita, Ibn Sina alikwisha kukieleza kifafa katika kitabu chake cha utabibu kuwa ni ugonjwa wa ubongo. Basi Mwislamu asemaye kwamba kila aangukaye ameingiwa na pepo, amewapa kisogo wanazuoni wake mwenyewe.

Mwaka 1987 daktari Benabid wa mji wa Grenoble, Ufaransa, alianza kuwatibu wagonjwa wenye kutetemeka kwa kupitisha uzi mwembamba wa madini hadi ndani ya ubongo na kuupelekea umeme mfululizo. Tiba hiyo imewafaa wengi. Lakini ilikuwa na upungufu mmoja, na wakulima wa Mgeta watanielewa upesi. Mfereji ulioachwa wazi usiku na mchana hunywesha bustani hata siku ya mvua. Mkulima mwenye busara huutazama udongo kwanza, ndipo akafungua maji, na udongo ukishalowa huyafunga. Tiba mpya hufuata njia ya mkulima huyo. Kifaa husikiliza umeme wa ubongo wakati wote, na kikiona dalili ya dhoruba hutoa umeme kwa muda mfupi, kisha hunyamaza.

Mwaka 2013 Marekani iliidhinisha kifaa cha namna hiyo kwa watu wazima wenye kifafa kisichosikia dawa. Mwaka 2021 madaktari wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walieleza habari za mwanamke mmoja mwenye sonona kali, ambaye dawa nyingi zilishindwa kumsaidia. Walitafuta alama ya ugonjwa katika umeme wa ubongo wake mwenyewe, wakakiweka kifaa kiijibu alama hiyo tu, na hali yake ikatengenea sana. Mwaka 2025 vifaa vya kujirekebisha viliidhinishwa huko Marekani kwa ugonjwa wa Parkinson pia. Lakini tusivuke mpaka wa ukweli. Mgonjwa mmoja si ushahidi wa kutosha. Majaribio makubwa ya hapo nyuma ya kutibu sonona kwa umeme wa mfululizo yalishindwa kuonyesha kwamba waliopewa umeme walipata nafuu kuwazidi wale ambao vifaa vyao havikuwashwa.

Yapo pia maswali ambayo daktari peke yake hawezi kuyajibu. Je, mtu ambaye huzuni yake huondolewa na kifaa, ni yeye yule? Dini yetu inafundisha kwamba aliyepotewa na akili haandikiwi dhambi mpaka akili imrudie. Kwa hiyo kumrudishia mtu akili yake ni kumrudishia uwezo wa kuchagua, na hilo ni jambo tukufu. Lakini ni lazima aridhie mwenyewe kwa kadiri awezavyo. Ni lazima siri za ubongo wake zilindwe. Na ni lazima ijulikane nani atakitunza kifaa hicho. Mwaka 2020 kampuni ya Second Sight ya Marekani ilipoishiwa fedha, vipofu waliowekewa vifaa vyake machoni waliachwa bila matengenezo. Tiba isiyo na mtunzaji yaweza kuwa msiba wa pili.

Ndugu zangu, sasa turudi nyumbani. Mkoa wetu huu una historia kubwa katika habari ya kifafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 daktari mwanamke kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge. Aliwakuta wagonjwa wenye makovu ya moto, waliotengwa hata katika chakula, kwa kuwa watu waliamini ugonjwa huambukiza kwa mate. Hakuwa na kifaa cha kuweka ubongoni. Alikuwa na vidonge vya fenobabitoni, ambavyo bei yake ni ndogo, na wengi wakapata nafuu. Uchunguzi wa baadaye umeonyesha kwamba kifafa huko kinahusiana na ugonjwa wa usubi, unaoletwa na inzi wadogo wa mito iendayo kasi. Usubi umekuwapo katika milima yetu ya Uluguru pia. Kwa hiyo anayemeza dawa ya usubi inapogawiwa kijijini, huenda anaukinga ubongo wake pamoja na macho yake.

Niruhusuni nitoe ushuhuda wangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mgeni katika nyumba moja huko juu mlimani. Kijana wa nyumba ile alianguka karibu na mafiga, mkono wake ukiwa umeelekea motoni. Jamaa zake walisimama wakitazama. Nami nasema kwa haya: nilisita. Mimi niliyesoma, mimi niliyezoea kuwahutubia watu, nilisita kwa kuogopa povu lile. Aliyemvuta ni bibi yake, mzee asiyejua kusoma. Kijana alipelekwa kupata vidonge, akakaa miezi mingi bila kuanguka. Kisha dawa ikakosekana mahali alipokuwa akiichukua, na kuanguka kukarudi. Siku hiyo nilijua kwamba mkono ule ulitishwa na vitu viwili: moto, na kusita kwa watu kama mimi.

Mwanamke mmoja mwenye kifafa alimjia Mtukufu Mtume (s.a.w.) kuomba dua. Hakufukuzwa wala hakuitwa mchawi. Na baadaye Ibn Abbas (r.a.) alimwonyesha mwenzake mwanamke yule kuwa ni mtu wa Peponi. Sisi tunawaonyesha wagonjwa wetu kwa kidole cha namna gani?

Basi tuanze na yaliyo mikononi mwetu. Mtu akianguka, ondoeni moto na vitu vikali, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kidole kinywani. Degedege likizidi dakika 5, mpelekeni hospitali. Asiache vidonge ghafla kwa sababu amejiona mzima. Dawa ikikosekana, tuulize kwa sauti moja kama jumuiya, tusimwachie mama mmoja maskini aulize peke yake. Na tuombe dua, kwani dua na dawa hazigombani.

Siku moja vifaa vile huenda vikafika hata kwetu. Lakini mgonjwa aliyefichwa chumbani havitamfikia, kama vile kidonge cha fenobabitoni kisivyomfikia leo. Mwenyezi Mungu atusamehe kusita kwetu, na atupe mikono myepesi ya kuokoa. Amin.

Wassalaam.