Mashine Mpya ya Mashua Yetu: Maneno ya Karani wa Chama mbele ya Mkutano wa Mwaka



Nimeamriwa na Halmashauri niseme juu ya mashine mpya ya mashua yetu, jinsi ilivyonunuliwa na jinsi ilivyofungwa. Hesabu ya fedha sitaisoma, kwa maana Mtunza Hazina ameichapa katika kitabu hiki na kila mwanachama anaweza kuikagua. Mimi nitasema mambo ambayo hayaingii katika safu za hesabu, na la kwanza ni kosa langu mwenyewe.

Wengi wenu mwakumbuka mkutano wa miaka miwili iliyopita, tulipokubaliana kwamba mashua yetu ya Usenge, inayovusha wagonjwa, maiti na mizigo mpaka kisiwani Mageta, isiendelee kwenda kwa makasia. Siku ile nalisimama hapa hapa Kapseret nikasema sana. Nikasema mashine iliyokwisha kutumika inauzwa kwa bei isiyofika nusu ya bei ya mpya, na kwamba chuma ni chuma. Wazee wawili walinipinga. Nikawajibu kwa maneno ya kitabuni, nao wakanyamaza, si kwa kuwa wameridhika, bali kwa adabu. Tukainunua. Muuzaji alituwashia katika pipa la maji kwa muda wa dakika tano, ikanguruma vizuri, nasi tukalipa.

Ilifanya kazi miezi minane. Kisha ikaja safari ile ya kumpeleka nyumbani mwenzetu aliyefariki hapa Eldoret. Mjane wake yuko nasi leo, naye amenipa ruhusa nilitaje jambo hili. Tulitoka Usenge kabla ya jua kuchomoza, watu 14 na jeneza. Tulipokuwa mbali na nchi kavu, mashine ikatoa harufu ya kuungua, ikalia kama mnyama aliyekabwa, ikanyamaza. Ilikuwa imeganda. Pistoni imeshikana na silinda, na hata watu wawili wakivuta kamba haizunguki.

Sababu tuliijua baadaye fundi alipoifungua. Mashine ya namna hii haina rejeta kama gari. Hunywa maji ya ziwa kwa chini, maji yakazunguka ndani kuipoza, kisha yakatoka nje kwa mchirizi mwembamba ambao wavuvi, mniwie radhi Wazee, huuita mkojo wa mashine. Yale maji husukumwa na kigurudumu kidogo cha mpira chenye mapezi. Mapezi ya kile chetu yalikuwa yamekwisha kulika kabla hatujainunua, na asubuhi ile vipande vya gugu maji vikaziba matundu ya kuingizia maji. Mchirizi ulikatika, wala hakuna mmoja wetu aliyekuwa akiutazama. Kigurudumu kile hakifiki ukubwa wa kiganja cha mtoto.

Wazee wa ziwani wanajua kwamba asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na alasiri hugeuka ukatoka ziwani kuja nchi kavu. Basi sisi, tukiwa na makafi mawili tu, tulichukuliwa na upepo wa asubuhi tukasogezwa mbali zaidi na kwetu. Jua likapanda. Maji ya kunywa yakatuishia mapema. Yule mama alikuwa ameketi kando ya jeneza, mkono wake juu ya kifuniko, na yapata saa tano akanigeukia akauliza kwa sauti ya taratibu, «Karani, hii ndiyo mashine uliyotuambia?» Sikuwa na jibu. Upepo ulipogeuka alasiri tulianza kurudi, na wavuvi walituona wakatufunga kamba wakatuvuta. Mazishi yakafanywa siku ya pili. Hakuna aliyekufa maji, lakini watu waliokuwa wamekaa kaburini tangu asubuhi walikuwa wamekwisha kuanza kutulilia na sisi.

Hiyo ndiyo sababu niliomba nafasi ya kuongoza kamati ya kununua mashine mpya, ingawa wengine walidhani ningejificha.

Neno la kwanza lililotuhangaisha katika kamati lilikuwa nguvu ya mashine. Vijana walitaka nguvu za farasi 40, kama zile wanazoziona kwa wafanya biashara ya samaki. Mimi sikutaka tena kushinda kwa maneno, kwa hiyo tukaenda kupima. Mashua yetu ni ya mbao nzito, iliyoundwa kwa ajili ya tanga na makasia. Mashua ya namna hiyo hulima maji, haipandi juu yake. Ukiisukuma kupita kiasi chake, haiongezi mwendo, bali hukalia matako, ikainua pua, ikanywa petroli bure. Tena mashine ya farasi 40 ina uzito upitao kilo 70, na ile ya farasi 15 ni yapata kilo 40 tu, ambayo watu wawili huibeba bila taabu na kuilaza ndani ya nyumba usiku. Wanachama mnajua wizi wa mashine ulivyo katika fuo zetu. Tukakubaliana farasi 15.

Ipo na hesabu nyingine ambayo wauzaji hawaitaji. Mashine huvuta pumzi kama sisi, na hewa ya juu ni nyepesi. Ziwa letu liko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari, na kwa kadiri hiyo injini hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Farasi wetu 15 wakifika Usenge huwa 13 na kitu. Kwa sababu hiyo tulichagua propela yenye mpindo mdogo, ambayo husukuma polepole kwa nguvu, kama lori linalopanda Timboroa kwa gia ya chini. Mwenye mashua nyepesi angechagua nyingine.

Hapa naomba niseme kidogo juu ya asili ya chombo hiki, kwa kuwa mzee mmoja aliniuliza kama ni Mjapani aliyekibuni. Wajapani wameingia baadaye. Kampuni ya Yamaha ilianza kuuza mashine zake za mashua mwaka 1960. Aliyezieneza kabla yao ni Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, ambaye mwaka 1909 alianza kuuza mashine ya nguvu ya farasi mmoja na nusu, yenye uzito wa kilo 28 hivi. Wakati huo meli za mvuke zilikuwa zimekwisha kuonekana Kisumu, maana reli ilifika huko mwaka 1901. Walakini meli ni ya serikali na matajiri. Mashine ya kuning'iniza nyuma ya mashua ni ya mtu wa ufukoni.

Mashine ilipopatikana, baadhi yenu mlitaka kuiona kwa macho kabla haijashuka ziwani. Wazee walinung'unikia gharama ya gari, na kwa kweli walikuwa na haki, lakini baada ya yaliyopita nani angewakatalia wanachama? Tuliileta hapa Kapseret. Majirani zetu, watu wa mahindi na maziwa, walikuja kutazama, na mmoja akauliza ziwa litachimbwa wapi. Tukaiwasha katika pipa, ikatoa moshi mwingi na kukohoa, nami moyo wangu ukaanguka. Baadaye fundi alinieleza kwamba hapa tuko juu zaidi ya mita 2,000, hewa haitoshi kuchoma petroli yote inayomiminwa. Ilipowashwa Usenge haikukohoa.

Sasa kuhusu kuifunga. Mimi nilifikiri ni kazi ya nusu saa, yaani kuipachika kwenye ubao wa shetri na kukaza skurubu mbili. Nalikosea. Mashine hizi huuzwa zenye mguu mfupi, unaofaa ubao wa inchi 15, au mguu mrefu, wa inchi 20. Tulichukua mguu mrefu, na ubao wetu ulipopimwa ulikuwa inchi 22. Ukiifunga hivyo hivyo, propela huwa juu mno, huvuta hewa, hukoroga povu na mashua haiendi. Kile kibati kilicholala juu ya propela kinapaswa kuwa sawasawa na sakafu ya mashua, au chini yake kidogo. Kijana aliyekuwa na msumeno alikuwa tayari kuukata ubao inchi mbili.

Ndipo mzee wetu mmoja, aliyeunda mashua tangu enzi za matanga, na ambaye alikuwa mmoja wa wale wawili niliowanyamazisha, akasema, «Mwanangu, pakieni kwanza.» Tukamwuliza kwa nini. Akasema mashua tupu ni mwongo. Tukaingia watu na mawe na magunia, naye akatia alama ya mkaa mahali maji yalipofika shetrini. Tukaona wazi kwamba ubao ukikatwa, wimbi la nyuma litaingia kila mara mashua ikiwa imejaa. Akaamuru pakatwe pengo la upana wa mashine tu, na mbele ya pengo hilo, ndani ya mashua, pajengwe ubao wa pili wenye kimo kile kile cha zamani, ili maji yakiingia pengoni yarudi ziwani. Akaongeza mbao ya mvule nyuma ya ubao mwembamba, kwa kuwa mashine inaposukuma, mashua yote husukumwa kwa pale pale ilipofungwa. Bolti zikapita mpaka ndani, zikawekewa washa pana, matundu yakakalafatiwa. Mwisho mnyororo ukafungwa toka mashine hata kwenye mbavu ya mashua, kwa kuwa skurubu zikilegea mashine huzama, na ziwa halirudishi.

Kazi ilichukua siku tatu. Malipo ya yule mzee hamtayaona katika hesabu, maana alikataa kulipwa.

Saa kumi za kwanza tuliiendesha bila haraka, na oili maradufu: kwa lita 20 za petroli tulitia mililita 800. Tangu hapo twatia mililita 400. Nahodha ana kikombe chenye alama, naye haruhusiwi kukadiria kwa macho. Kadhalika mtu mmoja huketi shetrini kazi yake moja tu, kutazama mchirizi. Ukipungua anapaza sauti, mashine inazimwa, gugu linaondolewa. Kigurudumu cha mpira cha akiba kimo katika sanduku la spana, pamoja na plagi mbili, na makasia manne yamerudishwa mashuani. Vijana walicheka juu ya makasia. Yatabaki.

Safari ya kwanza ya kazi ilikuwa ya mama mjamzito aliyeletwa kutoka kisiwani usiku, na alifika bara salama, akajifungua mtoto wa kike.

Limebaki jambo moja ambalo mkutano huu lazima ulikatie shauri. Mashua yetu yachukua watu 18. Jaketi za kuokolea tunazo 12. Nimemwandikia nahodha asivushe zaidi ya watu 12, yeye akiwa miongoni mwao, mpaka jaketi sita nyingine zitakaponunuliwa. Kwa amri hiyo Wazee wetu wawili waliachwa ufukoni mwezi wa Desemba wakangoja mashua irudi, nao wamenilalamikia kwa barua. Nawaomba radhi mbele ya wote kwa jua walilopigwa. Amri sijaiondoa.