Tusiishie Kuitumia: Uendeshaji wa Moodle Vyuoni na Wajibu wa Kuichangia



Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipitia WebCT na Blackboard, mifumo ya kulipia ya kufundishia mtandaoni, kabla ya kuhamia Moodle. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania nacho kinafundishia humo. Moodle haina ada ya leseni, na kwa sababu hiyo viongozi wengi huichukulia kuwa haina gharama. Gharama ipo, nayo ni watu. Hoja yangu leo ni kwamba watu hao wakiishia kuuendesha mfumo bila kuuchangia, mzigo wao unazidi kuwa mzito mwaka hadi mwaka.

Mwanzilishi wa Moodle, Martin Dougiamas, alikulia jangwani Australia Magharibi, akisoma kwa masafa kupitia redio. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth, alisimamia WebCT. Kasoro za mfumo huo alikuwa anaziona, lakini msimbo ulikuwa mali ya kampuni. Akaanza kuandika mfumo wake mwenyewe, na toleo la 1.0 likatoka Agosti 2002 chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia mfumo, kuubadili na kuusambaza. Kwa hiyo mfumo huu ulizaliwa na msimamizi wa seva, mtu mwenye kazi kama yetu. Hilo tulikumbuke.

Sasa tuingie kwenye seva. Mhadhiri anaweka tangazo kwenye kozi kwamba mtihani umesogezwa mbele. Tangazo linaonekana, lakini barua pepe haimfikii hata mwanafunzi mmoja, na lawama zote zinaangukia intaneti. Mara nyingi kilichokwama ni cron, kazi ya ratiba inayotakiwa kuamka kila dakika ili kutuma ujumbe na kufanya usafi wa mfumo. Msimamizi akague hapo kwanza kabla ya kumpigia simu mtoa huduma.

Nakala rudufu nazo zinahitaji umakini. Vipo vyuo vinavyohifadhi hifadhidata peke yake vikaridhika. Mafaili ya wahadhiri hayakai humo. Yanakaa kwenye folda ya moodledata, yakiwa na majina marefu ya herufi na tarakimu yasiyosomeka. Seva ikiharibika, chuo cha namna hiyo kitarudisha kozi zenye majina ya mafaili, lakini ukibofya hakuna kitu. Hifadhi vyote: hifadhidata, moodledata, na msimbo pamoja na config.php. Kisha jaribu kurudisha kwenye mashine nyingine, maana nakala isiyowahi kujaribiwa si ya kuitegemea.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Mkuu wa idara anataka alama zionekane kwa namna anayoipenda. Kijana wetu wa TEHAMA, hodari kweli, anafungua msimbo mkuu, anabadili mistari michache, na wote wanafurahi. Moodle hutoa matoleo makubwa mawili kwa mwaka. Ukipandisha toleo, mistari ile inafutika. Chuo kinaanza kuogopa kupandisha. Kijana anapata kazi kwingine, hakuna anayejua alibadili nini, na seva inabaki na toleo lililokwisha kuacha kupokea marekebisho ya usalama, huku imebeba matokeo ya wanafunzi.

Njia sahihi ni kuandika badiliko hilo kama programu-jalizi inayokaa kando ya msimbo mkuu. Ikiwa ni kasoro ya mfumo wenyewe, iripotiwe kwenye daftari la kasoro la Moodle, ambalo liko wazi kwa wote. Ripoti yenye maana hutaja toleo, hueleza hatua kwa hatua ulichofanya, ulichotarajia na kilichotokea. Haihitaji kujua kuandika msimbo. Kasoro ikirekebishwa huko, inakuja kwako na toleo lijalo, na hutaigusa tena.

Kiswahili ni vivyo hivyo. Vyuo kadhaa vinatafsiri vitufe na maelekezo kwa kutumia sehemu ya kurekebisha lugha iliyomo ndani ya Moodle. Tafsiri hizo zinabaki kwenye seva ya chuo, na chuo cha jirani kinaanza upya. Moodle ina chombo cha tafsiri kiitwacho AMOS: yeyote anaweza kupendekeza tafsiri, wasimamizi wa lugha wakazipitia, na zikikubaliwa zinaingia kwenye kifurushi kinachopakuliwa duniani kote. Kazi imeshafanyika, kilichobaki ni kuituma.

Wasimamizi wetu hawakosi uwezo. Wanakosa muda unaotambuliwa. Nawaomba wakuu wa vyuo mlioko hapa mtenge nusu siku kwa wiki kwa ajili ya kazi hii ya kuichangia Moodle, muiandike kwenye majukumu ya msimamizi wa mfumo, na muipime kwenye tathmini yake kama mnavyopima kazi nyingine zote.