Baridi Yabisi ya Viungo: Dawa, Yoga na Maisha ya Kila Siku
(Maneno yaliyosemwa na karani mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Halmashauri imenituma nijibu swali lililoletwa na baadhi yenu: je, mwanachama mwenye ugonjwa wa viungo asaidiwe kununua dawa za hospitali, au aziache na kushika mazoezi ya yoga na matibabu ya chakula?

Kwanza yatupasa kutofautisha. Kila maumivu ya viungo sisi huyaita baridi yabisi. Lakini goti lililochakaa kwa umri ni jambo moja, na ugonjwa ninaousema ni jambo jingine. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili waliowekwa kupigana na vijidudu hugeuka wakavishambulia viungo vyenyewe. Mara nyingi huanza katika viungo vidogo vya vidole, mkono wa kulia na wa kushoto pamoja. Huvimba, na asubuhi hukakamaa kwa muda wa saa moja au zaidi. Huwapata wanawake mara mbili au tatu kuliko wanaume. Hautokani na baridi ya Limuru, wala si uchawi. Ila uvutaji wa sigara huongeza hatari yake.

Usipotibiwa, mifupa yaweza kuanza kuliwa katika miaka miwili ya kwanza, na kilicholiwa hakirudi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na mkono uliopinda hauna fundi wa kuujenga upya ukawa kama ulivyokuwa.

Sasa yoga. Asili yake ni Bara Hindi: kunyoosha mwili polepole, kuvuta pumzi kwa utaratibu, na kutuliza moyo. Afanyaye mazoezi hayo hatakiwi kuacha dini yake. Mwaka 2019 madaktari wa hospitali ya AIIMS, New Delhi, walitangaza habari za wagonjwa 72. Wote waliendelea na dawa zao, na baadhi yao wakaongezewa yoga kwa wiki 8. Hao walioongezewa walipungukiwa na ukali wa ugonjwa, na huzuni yao pia. Angalieni neno hilo, wazee wangu: waliongezewa, hawakunyang'anywa dawa.

Katika habari ya chakula, mwaka 1991 madaktari wa Norway walieleza juu ya wagonjwa 53. Wapatao 27 walifunga siku 7 hadi 10, kisha wakala vyakula visivyo na nyama kwa mwaka mzima, na hali yao ikawa njema kuliko ya wenzao, ingawa si wote waliofaidika. Ushahidi wa namna hiyo ni mchache. Kwa hiyo mwaka 2022 chama cha madaktari wa viungo cha Marekani kilisisitiza mazoezi ya mwili, kikaikubali yoga, na kikashauri mboga, matunda, maharagwe, samaki na mafuta ya zeituni. Lakini hakikuunga mkono vidonge vya nyongeza. Mengi ya hayo yamo sokoni kwetu.

Basi ushauri wangu ni huu:

1. Mwenye vidole vilivyovimba kwa wiki kadhaa aende hospitali mapema.

2. Aliyepewa methotreksati aimeze mara moja kwa juma, kama alivyoandikiwa, na apimwe damu. Kuimeza kila siku kwaweza kuua. Mwanamke atakaye kushika mimba amwambie daktari kwanza.

3. Afanye yoga kwa mwalimu anayeujua ugonjwa huu. Akae kitini ikibidi, wala asilazimishe kiungo kilichovimba na kuwa cha moto. Maji ya uvuguvugu asubuhi hulegeza vidole.

4. Asinunue unga usio na jina. Baadhi ya dawa za namna hiyo zimeonekana kuchanganywa kwa siri na steroidi.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Dawa ni kidole kimoja, na mwenendo mwema wa maisha ni cha pili. Fedha yetu ya msaada na ianze na dawa, ndipo yoga ifuate.