Mwendo wa Ndege toka Nairobi mpaka New York

Wasikilizaji, mzazi wa Kitui au Makueni mwenye mwana Marekani hupenda kujua umbali unaowatenga. Tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ilianza safari ya ndege toka Nairobi mpaka New York pasipo kutua njiani. Mwendo wake ni kilometa 11,800 hivi. Kwenda huchukua saa 15 hivi; kurudi saa 14, maana pepo kali za juu huvuma toka magharibi zikaisukuma ndege.

Lakini mwendo wa angani si mwendo wa barabara. Toka mji wa Kitui mpaka Wote, kwa mstari ulionyoka, ni kilometa 60 na kitu. Gari, hata hivyo, halivuki mto Athi popote lipendapo, nalo huzunguka. Basi msafiri anayehesabu saa za angani tu, akasahau zile za kufika Nairobi, huenda akakuta ndege imekwisha ondoka, na nauli yake, pengine bei ya ng'ombe kadha wa kadha, imepotea.

Saa nazo hutatiza. Ndege ikiruka saa sita ya usiku, hushuka New York saa moja au saa mbili ya asubuhi, kwa kuwa saa za huko ziko nyuma kwa saa saba au nane, kwa kadiri ya majira. Mama anayempigia mwanawe simu saa tatu ya asubuhi humwamsha usiku wa manane. Afadhali angoje mpaka jioni.