Ada ya Mtaa: Anayelipa Ana Haki ya Kuuliza

Hotuba ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wenye nyumba na wanunuzi wa ploti, Wote, Makueni



Mwalimu mmoja mstaafu alinipigia simu ofisini. Alinunua nyumba katika mtaa wenye lango, akawa analipa shilingi 3,500 kila mwezi za maji, ulinzi na taka. Pampu ya kisima ikaharibika, maji yakakosekana wiki tatu. Alipoomba kuona hesabu, aliambiwa kwamba msimamizi ni kampuni iliyojenga, na hesabu ni zake. Alikasirika, akaacha kulipa. Leo yeye ndiye anayeitwa mdaiwa.

Ndugu zangu, sisi tunaijua mwethya. Mabwawa ya mchanga ya Kitui na Makueni yamejengwa kwa mikono ya vikundi. Mtu aliyebeba mawe haambiwi daftari la kikundi halimhusu. Basi mbona tukinunua nyumba tunakubali kuambiwa hivyo?

Shida huanzia kwenye mkataba. Mara nyingi mjenzi huunda kampuni ya kusimamia mtaa, kila mnunuzi hupewa hisa moja, na mamlaka hubaki kwa mjenzi mpaka nyumba ya mwisho iuzwe. Nyumba ya mwisho isipouzwa, miaka inapita, mamlaka yako palepale.

Kwa majengo yenye nyumba nyingi chini ya paa moja, sheria imebadilika. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika tarehe 28 Desemba mwaka huo, inampa kila mwenye nyumba hatimiliki yake. Mpango wa jengo ukisajiliwa, linazaliwa shirika la wamiliki. Kila mwenye hati ni mwanachama, na ada hugawanywa kulingana na kiwango cha sehemu yake. Mjenzi ambaye bado ana nyumba hajauza ni mmiliki kama wengine, na mzigo wa ada unamhusu pia.

Nyumba zilizosimama pekee na ploti zina njia nyingine. Wakazi wasiopungua 10 wanaweza kusajili kikundi chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Katiba, kifungu cha 36, inasema hakuna anayelazimishwa kujiunga na chama. Lakini tahadhari: kama ulitia sahihi mkataba wa mauzo unaosema utalipa ada, hiyo ni ahadi yako, hata usipojiunga na chama chochote.

Je, kaunti inaweza kufanya nini? Niseme ukweli. Hatuwezi kumwondoa mkurugenzi wa kampuni yenu wala kuwakusanyia ada. Lakini ramani ya mtaa hupita kwetu kuidhinishwa, kwa hiyo njooni ofisi ya ardhi na mipango muulize barabara na uwanja wa wazi vilivyoidhinishwa ni vipi. Na mkumbuke: kulipa ada ya mtaa hakufuti kodi ya ardhi ya kaunti.

Kwa wanaotaka kununua: kabla ya sahihi, uliza kisima kiko kwenye hati ya nani. Uliza mamlaka yatakabidhiwa lini, na tarehe iandikwe. Neno la ajenti halisomwi mahakamani. Mkataba ndio unaosomwa.

Kwa mliokwisha kununua: msiache kulipa kimyakimya. Deni linakua, na jirani anayelipa ndiye anayebeba mshahara wa mlinzi kwa niaba yenu. Lipeni, mkiandika wazi kiasi mnachopinga na sababu yake, na mtunze risiti. Ombeni hesabu kwa barua yenye sahihi za wengi. Itisheni mkutano, muandike kumbukumbu. Kwenye shirika la wamiliki, sheria inaruhusu kamati ya ndani ya kutatua migogoro. Katiba nayo, kifungu cha 159, inahimiza upatanisho. Yote yakishindikana, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo.

Nanyi wajenzi mlio hapa, tunajua mtaa mpya una gharama hata kabla nyumba hazijajaa. Bandikeni hesabu langoni kila robo mwaka. Mnunuzi akiona pesa yake imenunua dizeli na pampu, ugomvi mwingi hautaanza.

Yule mwalimu? Amerudi kwa majirani zake. Wameandika barua moja, yenye sahihi nyingi, na ada wanaendelea kulipa huku wakingoja jibu. Hajapata hesabu bado, lakini hasimami peke yake tena.