Polisi ya raia, haiko polisi ya bariere: maneno yetu kwa vijana wa Lusenda



Leo tunaongea juu ya polisi. Hatukuja kutukana askari. Wengi wao wanapanga nyumba kama sisi, na mshahara wao ni mdogo tena unachelewa. Tumekuja na swali moja tu: hii polisi inatumikia nani?

Sheria ilishajibu. Katiba ya 2006, kifungu cha 182, inaipa polisi kazi ya kulinda watu na mali zao. Sheria ya tarehe 11 Agosti 2011 inasema polisi ni huduma ya kiraia, inayofikika, inayosikiliza raia. Maneno mazuri kabisa. Lakini desturi ni nzee kuliko sheria. Force Publique ya Leopold ilikuwa jeshi na polisi kwa wakati mmoja, na kazi yake ilikuwa kumlazimisha mwanakijiji alete mpira, kisha alipe kodi. Mwaka 1972 Mobutu aliingiza polisi ndani ya jandarmeri. Polisi ya taifa tunayoijua leo ilizaliwa 2002. Babu alikimbia yunifomu, baba akakimbia, na sisi tukajifunza mbio.

Tuangalie barabara. Mwaka 2017 shirika la IPIS la Ubelgiji lilihesabu bariere 798 katika Kivu mbili. Motari, mama wa samaki, mkulima wa muhogo, wote wanalipa. Wenye kutoza ni wengi: jeshi, polisi, vikundi vya silaha, huduma za serikali. Kila mmoja anasema ni ju ya usalama. Lakini kamba inayofunguka ukitoa feza haitafuti mwizi. Mwizi mwenye feza anapita. Anayebaki pale ni yule hana kitu.

Tuangalie kashoti. Kijana anatafutwa, hapatikane, wanabeba mama yake ao mdogo wake. Shika neno hili: kifungu cha 17 cha Katiba kinasema hakuna mutu anakamatwa kwa kosa la mwingine. Na kifungu cha 18 kinasema uambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha unayoielewa, na polisi haiwezi kukuweka zaidi ya saa 48 bila kukufikisha mbele ya sheria. Hakuna pahali imeandikwa kwamba mulango unafunguliwa na madesu ya bana.

Sasa kuna vijana wanatuambia: «Acheni haki za binadamu, bandits wapigwe tu, tulale.» Tunawaelewa. Kuibiwa kunaumiza. Lakini kumbukeni Kinshasa. Mwezi wa Novemba 2013 walianzisha operesheni Likofi, maana yake ngumi kwa Lingala, ili kumaliza kuluna. Watu wengi walifurahi. Human Rights Watch ilihesabu vijana 51 waliouawa na 33 waliopotezwa, na kati yao kulikuwa wasio kuluna hata kidogo. Uingereza, iliyokuwa inasaidia mageuzi ya polisi yetu, pamoja na majaribio ya polisi ya jirani kule Bukavu, Matadi na Kananga, ikakata msaada. Ngumi ikavunja hata kile kilichokuwa kinajengwa. Na kuluna je? Mpaka leo Kinshasa inalia juu yao.

Karibu zaidi na sisi ni Kamanyola. Tarehe 15 Septemba 2017 wakimbizi wa Burundi waliandamana kudai wenzao waliokuwa wamefungwa. Walijibiwa kwa risasi. Zaidi ya watu 30 walikufa. Hapa Lusenda, ambapo kambi ilifunguliwa 2015, swali hilo haliko la mbali. Siku wenyeji na wakimbizi watagombana juu ya kuni, shamba ao maji, nani atakuja? Mutu anayetujua kwa majina, ao mutu anayejua kufyatua tu?

Na sisi raia tujiangalie. Pale polisi haiaminiwe, tairi na petroli vinachukua nafasi yake. Kuchoma mutu bila kumuuliza ni Likofi ya karitye. Tunakataa ngumi ya serikali, na ngumi ya kundi tunaikataa vilevile.

Kuna wanaosema hakuna kinachobadilika. Lakini Baraka iko pahali palepale. Baada ya wanawake wa Fizi kubakwa usiku wa mwaka mpya 2011, mahakama ya kijeshi ilikuja kuketi Baraka mwezi wa pili, na Lieutenant-colonel Kibibi Mutware akapewa miaka 20. Wale walikuwa wanajeshi, hawakuwa polisi, lakini fundisho ni moja: wanawake walisimama kusema, na cheo hakikumuokoa mutu.

Basi tunaomba nini? Kwa wakubwa wa polisi: askari avae jina lake lionekane, daftari ya kashoti ifunguliwe kwa ukaguzi, na kila mwezi polisi iketi na vijana, wamama, shefu wa kijiji na wajumbe wa wakimbizi. Kwa serikali: lipeni askari kwa wakati, ju askari mwenye njaa mumemutuma kwenye bariere ninyi wenyewe. Kwa sisi vijana: tuandike tarehe, saa, pahali na kiasi cha feza kila tunapotozwa, bila kujitia hatarini. Tuombe karatasi yenye muhuri. Mwenzetu akifungwa, tusiende mmoja mmoja na bahasha. Twende wengi, kwa utulivu, na kifungu cha 18 mkononi.

Hatutaki kuishi bila polisi. Tunataka polisi ambayo mtoto akipotea anaikimbilia.